Kitanda cha Mkabala na Changu

Riziki mwanangu,

Umekwenda Timbwani kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hakuachi mpaka umekula ukashiba na kufungiwa cha njiani. Basi nimepata nafasi. Nimekaa kwenye meza ya kaka yako, nimechukua kalamu yake anayopimia vyuma, na mlango nimeurudisha. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya mto wako. Kwanza nilitaka kuitia ndani ya begi, uikute huko Nairobi, nikaona hapana, hapo nitakuwa nimejificha tena. Isome leo, nikiwa humu humu nyumbani.

Mwandiko wangu unaujua. Shule niliiacha darasa la nne na herufi zangu mpaka leo zinakwenda upande kama kaa. Nivumilie.

Ya kufua, ya kupika, ya kushika mkoba wako vizuri ukishuka basi, hayo siandiki. Nimeyasema mwezi mzima mpaka ukawa ukiniona nafungua kinywa unaitika "abee mama" kabla sijasema. Sasa nakwambia kweli, nilikuwa nikiyasema hayo yote ili nisiseme hili.

Juzi ulikuwa barazani unachora. Ukaniuliza, "Mama, ile wodi aliyozaliwa Sele, kuta zake zilikuwa rangi gani hasa? Manjano ya kiini cha yai ama manjano ya ndizi?" Nikakujibu sikumbuki. Nikainuka kwenda kuteka maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa. Wewe ulinitazama tu.

Nakumbuka, mwanangu. Ilikuwa manjano ya ndizi iliyoiva ikaanza kulala. Rangi ya mafuta, ya kung'aa, imepakwa kutoka sakafuni mpaka usawa wa bega, na juu yake chokaa iliyochoka. Dirisha lilikuwa moja, dogo, limepandishwa juu kama la jela, na nje yake ukuta wa stoo. Glopu moja katikati ya dari, ya manjano nayo, imejaa mavi ya nzi. Magodoro ya ngozi ya plastiki iliyopasuka, ukilala inakunata mgongoni, na ndani ya ile mipasuko ilikuwa na harufu za watu waliolala kabla yako. Kila aliyekuwa mle alikuwa na rangi ya mgonjwa. Hata sista mwenyewe ungedhani ana homa.

Kwa hiyo uliposimama pale ukumbini mbele ya wale watu wanaokulipia chuo, ukasema chumba kile kilikuwa kibaya, hukusema uongo. Ulitundika michoro yako ya wodi unayotaka kuijenga. Kuta nyeupe zisizong'aa. Madirisha mapana ya kuanzia kiunoni. Juu ya kila kitanda taa inayoonyesha ngozi ya mtu kama ilivyo. Sakafu isiyo na nyufa za kufuga uchafu. Mimi sijui mambo hayo, lakini niliyatazama nikaona ningependa kuugulia mle, kama lazima niugue. Kisha ukasema, na maneno yako nimeyashika yote: "Kaka yangu aligeuka rangi mbele ya watu na hakuna aliyeona, kwa sababu chumba kile hakikumruhusu mtu kuona."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakageuka kumtazama Sele. Alikuwa amekaa kando yangu na shati lake la Idi. Akanigusa goti, akaniuliza kwa mikono, "Wananitazamia nini?" Nikamjibu kwa mikono, "Wamefurahi, dada yako amesema vizuri." Basi naye, maskini, akanyanyua mkono akawapungia kama mbunge. Wewe ukacheka kule jukwaani. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

Maana aliyeona alikuwepo, Riziki. Na umesema siku ya kwanza huko chuoni mtasimama mmoja mmoja mbele ya walimu, useme kilichokuleta, na wewe utaisimulia hadithi ile ile. Siwezi kukuacha uende ukaisimulie hivyo. Nimejaribu kujiambia haina neno. Imenishinda.

Sikiliza basi.

Unajua kabla ya Sele nilizaa na kuzika. Hayo hatuyazungumzi sana nyumbani lakini unayajua. Kwa hiyo Sele alipotoka mzima, analia, anashika kidole changu, sikulala. Niliogopa nikifumba macho nitafumbua sina kitu. Bibi yako, mama yake baba yenu, akaja na wanja na leso mpya. Akaniambia, "Mtie kidogo kwenye nyusi, yatosha. Mtoto si sufuria." Miaka yote hii nimewaacha nyinyi mfikiri bibi ndiye aliyenishika na mambo ya kijicho, ndiye aliyeniambia nimfunike mtoto. Sikusema kwa kinywa. Mkisema nyinyi, mimi nanyamaza. Amekwenda kaburini na lawama yangu kichwani mwake, Mungu amrehemu.

Kitanda changu kilikuwa kinatazamana na mlango. Pazia hamna. Anayepiga deki, anayeleta uji, waume za watu wanaotafuta wake zao, kila mtu alinikuta ziwa liko nje kabla hajasema hodi. Wewe unanijua, mimi hata kuanika nguo za ndani natanguliza leso juu. Nilikaa mle kama mtu aliyewekwa sokoni.

Na mkabala na changu palikuwa na kitanda cha mwanamke mmoja wa Mikindani, jina lake Kadzo. Mwanawe alikuwa amefariki usiku ule niliofika mimi. Hawakuwa na chumba kingine cha kumweka, wakamwacha pale pale, katikati ya wenye watoto. Maziwa yalikuwa yakimtoka. Leso yake imelowa kifuani na hana wa kumpa. Na mbele yake, ukitoa njia ya kupita kigari cha dawa, niko mimi na Sele.

Alikuwa akimtazama. Angetazama wapi? Akigeuka huku mtoto, akigeuka kule mtoto. Lakini mimi wakati ule niliona anamtazama wangu tu.

Ikafika asubuhi, mtoto ana siku zake chache tu duniani, akaniita. "Mwenzangu. Mwanao macho yake mbona yana rangi?"

"Rangi gani?"

"Pale penye weupe. Si peupe. Mtoe nje kwenye mwanga umwangalie, ama mwite sista."

Hakusema mashallah. Mtu wa kanisani, angelijulia wapi neno hilo? Lakini masikio yangu yalikuwa yakilisubiri hilo neno moja tu, na lilipokosekana, mengine yote aliyosema hayakuingia. Nikamjibu. Nitakuandikia nilivyomjibu, maana nikikupunguzia hapa barua yote itakuwa kazi bure. Nilimwambia, "Macho mabaya ni yako. Wako umeshamla, sasa wamtaka wangu."

Wodi yote ikageuka kututazama. Hata wale wa kitanda cha mwisho waliokuwa wakicheka na mgeni wao wakageuka. Kadzo akavuta leso yake iliyolowa. Aligeukia ukuta.

Nikambeba Sele nikahamia kitanda cha pembeni, pale ambapo mwanga wa glopu haukufika vizuri. Kilikuwa kitupu kwa sababu kila mtu alikikimbia kwa giza lake, mimi nikakiona cha peponi. Nikamfunika leso, nikamrudishia wanja, safari hii si nyusi peke yake. Kope, paji, mashavu. Nilimpaka mpaka mimi mwenyewe nikawa simwoni mwanangu.

Mchana sista akaja. "Mama, nipe mtoto nimwone pale dirishani."

"Amelala, sista. Ndiyo kwanza amelala."

"Jirani yako amenisumbua tangu asubuhi, eti macho yake."

Umesikia? Baada ya neno lile nililomtupia mbele ya watu, Kadzo alitoka kitandani kwake akaenda kumtafuta sista. Na mimi niliposikia ni yeye aliyemtuma, ndiyo nikakaza mikono zaidi. Nikasema, "Sista, huyo mwanamke ana lake. Mtoto hana kitu, ananyonya." Sista alikuwa amechoka, wodi nzima yuko peke yake. Aliinua pembe ya leso, akaona ule wanja, akacheka. "Umemfanya mtoto chungu cha kuni," akasema, akaenda zake. Na kweli hapo ukuta na glopu vilichangia. Chini ya taa ile, hata kama ningemfunua, huenda asingejua. Lakini hatutajua, kwa sababu sikumfunua.

Nyumbani nikafunga dirisha, kama mzazi yeyote wa kwetu anavyofanya. Sele akawa halii. Nyonyo anaacha, analala, analegea. Nikawa najisifu kwa majirani, "Mwanangu hana usumbufu." Mpaka asubuhi moja baba yako alitoka zamu ya usiku bandarini, akafungua dirisha kutafuta kiatu chake, jua likaingia mpaka kitandani. Akasimama na kiatu mkononi. Akasema polepole, "Mwanahamisi, huyu mtoto mbona amekuwa kama papai?"

Tulimkimbiza ng'ambo ya feri, hospitali kubwa. Wakamvua kila kitu, wakamfunga kitambaa machoni, wakamweka kwenye sanduku la kioo chini ya taa za buluu. Mimi niliyemficha na macho ya mtu mmoja, nikasimama nje ya kioo namtazama yuko uchi katikati ya mwanga, kila apitaye anamwona, na mwanga ule ule ndio uliokuwa ukimtibu. Rangi yake ikarudi. Daktari akasema tumechelewa kidogo, manjano ile huenda imemgusa masikio, tungoje tuone. Tukangoja. Ilipoanguka sufuria jikoni na mfuniko wake, watoto wa jirani wakaruka, na yeye akaendelea kulala, hatukungoja tena.

Hiyo ndiyo hadithi yote, mwanangu. Ukuta ulikuwa wa manjano, hapo umesema kweli. Lakini mimi ukuta nilikuwa nimeupa mgongo, na mtoto nimemfunika.

Niliwahi kumwona Kadzo tena. Ulikuwa mdogo, nimekushika mkono, tumekwenda Kongowea kununua vitu vya harusi ya binamu yako. Alikuwa amekaa chini anafunga mafungu ya mchicha, na kando yake mtoto wa kike amejilaza kwenye gunia, mkubwa kukushinda kidogo. Nilifurahi kwamba alipata mwingine, wallahi nilifurahi. Naye akainua uso akanitazama. Sijui kama alinijua. Ukasema, "Mama, mchicha si ule pale?" Nikakuvuta nikakwambia ule umenyauka. Haukuwa umenyauka. Ulikuwa na maji bado kwenye majani.

Tena kuna hili, nalo nililisahau mpaka nilipoona michoro yako. Wewe ulipozaliwa haikuwa hospitali ile. Ilikuwa nyingine, dirisha kubwa, kioo chake cha ukungu, jua linaingia lakini wa nje hakuoni. Na kila kitanda kilikuwa na pazia lake kwenye reli, unalivuta mwenyewe ukitaka. Bibi yako akaja na wanja wake, nikakutia nyusi tu. Hukufunikwa uso. Hata pazia nilikuwa naliacha wazi mchana kutwa. Ningeweza kujifunika nikitaka, kwa hiyo sikujifunika. Nakuandikia tu, mimi kuchora sijui. Lakini katika mchoro wako wa ukumbini nilitafuta pazia sikuliona. Na nilitafuta mahali pa kumweka Kadzo, sikupaona pia. Labda nilitazama vibaya.

Sasa la Sele. Nilimwambia jana, kabla yako. Niliona ni masikio yake, yeye ana haki ya kujua mwanzo. Nilimfuata karakana kwake, alikuwa anachomelea dirisha la mtu. Nikamgonga bega, akanyanyua ile barakoa ya chuma. Nikamvuta nje juani anione mikono vizuri, mikono yangu yenyewe ilikuwa ikikimbia, alama zinakosea. Mara mbili akanishika viganja, akaniambia, "Polepole. Unapiga kelele." Wajua mzaha wake huo.

Nilimweleza yote. Leso, wanja, Kadzo, neno nililomwambia. Nilidhani atauliza kwa nini. Akauliza, "Yule mama jina lake nani?" Hatuna alama ya jina la Kadzo, hatujawahi kuihitaji. Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la gari la mteja wake. Akalisoma, akafikiri kidogo, akaweka vidole viwili chini ya jicho, kisha akavielekeza kifuani kwake mwenyewe. Aliyeniona. Ndiyo jina lake sasa, ulijue.

Halafu uso wake ukabadilika. Akaniuliza la ukumbini. "Siku ile ulisema wanafurahi." Nikamjibu ndiyo, nilisema. "Walikuwa wananihurumia. Na mimi nikawapungia." Ya leso hayakumkasirisha hata kidogo, Riziki. Hilo la kupunga ndilo lililomuuma. Akashusha barakoa usoni akarudi kwenye dirisha lake, cheche zikaruka, nikasimama pale kama mteja asiye na kazi ya kutengenezewa, mpaka nikaondoka.

Usiku wakati wa kula, ulipokuwa ndani unafunga begi, ndipo aliponisemesha. Akasema hivi, nakupa kama alivyonipa: "Riziki asiende na mambo yangu nusu. Aseme yote au asiseme kabisa. Na kabla ya kusema, aniulize." Kisha akavuta sahani ya samaki wako akala kichwa. Kwa hiyo samaki wako sikumla mimi.

Mwanangu, sijui utanionaje ukimaliza kusoma. Nilikaa ukumbini nikakusikia unanitetea bila kujua unanitetea, watu wanakupigia makofi, na mimi nikayapokea yale makofi kama yangu. Nafasi yako ya chuo imeshikana na hadithi ile. Ninaogopa nimeiharibu. Ninaogopa pia utasimama mbele ya walimu wale, ukifika kwangu utasita, uone aibu kuwa mimi ni mamako. Ukisita, sita. Ukitaka kuniacha nje ya hadithi, siwezi kukuzuia, ila usimwache Kadzo nje. Yeye aliona chini ya glopu ile ile, mbele ya ukuta ule ule, na macho yamejaa machozi.

Sikwambii michoro yako ina kosa. Ungekuwepo ukuta mweupe na dirisha pana, huenda hata mimi ningeshindwa kumficha. Nalifikiria hilo sana. Lakini najijua, ningetafuta pembe. Mwanamke mwenye hofu chumba chochote atakipatia pembe.

Kesho nikishakupeleka stendi nitavuka daraja la Nyali nipite Kongowea. Huenda hayupo, wale wa mchicha hubadilika. Huenda yupo nikamwona nikageuza njia tena, sijiamini. Lakini nitapita.

Chai ya alfajiri nitakupikia, ukisema nami au usiposema. Usijilazimishe. Ukinywa kimya nitajua umesoma, na nitakufungia maandazi hivyo hivyo.

Ila kaka yako usimuage kama mnavyozoea, mnapigana mabega pale uani kungali na giza kisha kila mtu njia yake. Ana la kukwambia, na wewe una la kumuuliza. Washa taa ya sebuleni kwanza. Simameni chini yake wote wawili, akuone mikono, nawe umwone uso. Ndipo umuulize.

Mamako,
Mwanahamisi